Ukungu Nyuma ya Lenku

Sura ya Sita

Salamu zililetwa na dereva wa lori la mahindi, naye alizitoa huku anatafuna, kana kwamba anaeleza hali ya barabara.

"Wewe ndiye Generoza wa picha?" aliuliza. Alikuwa kwenye benchi la mgahawa wa shangazi Yunis, sahani ya wali mbele yake. "Kuna mama mmoja wa Kimasai anauza maziwa karibu na stesheni ya Kilosa. Kasema uende kwake Jumamosi na kamera yako. Kasema usisahau kile kioo unachompigia mwanawe."

Generoza alikuwa amesimama mlangoni pa studio yake, mkono mmoja umeshika pazia. Studio na mgahawa viligawana ukuta mmoja kando ya barabara kuu iendayo Iringa, pale Mikumi ambapo malori ya Zambia huegeshwa ubavu kwa ubavu na madereva hushuka kunyoosha miguu.

"Mwanawe nani?" aliuliza, ingawa moyo wake ulikwishajibu.

"Lenku. Yule mfanyabiashara wa ng'ombe."

Shangazi Yunis aliacha mwiko ndani ya sufuria. Alingoja dereva ale, anawe, aondoke, ndipo akaja kusimama mbele ya mtoto wa kaka yake.

"Mama wa mwanaume hakuiti bure," alisema. "Ama anataka kukukaribisha, ama anataka kukutazama vizuri kabla hajakukataa."

"Labda anataka picha tu, shangazi."

"Picha? Kilosa nzima wapiga picha wamekwisha?"

 Generoza aliingia ndani akaketi kwenye kiti cha wateja, mbele ya ukuta uliochorwa maua na maporomoko ya maji. Wiki zilikuwa zimepita bila Lenku kuonekana. Mara ya mwisho alisema anakwenda minada ya Kiteto, akirudi atapita. Malori yalikuja yakaondoka. Kila jioni honi ikilia alijikuta ametoka nje, na kila jioni ilikuwa honi ya mtu mwingine. Alizoea kurudi ndani taratibu, kama mtu aliyetoka kuangalia hali ya hewa, ili shangazi asimwonee huruma.

Sasa ameitwa. Ameitwa na mama mwenyewe. Usimwamini sana dereva, alijiambia. Lakini tayari alikuwa anawaza gauni gani atavaa.

* * *

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa vitu tena baada ya uhaba. Filamu za rangi ziliuzwa hata kwenye vibanda vya sabuni na betri, na zikishapigwa zilipelekwa Morogoro kusafishwa kwa mashine. Watu walitaka picha ioneshe kila kitu walichokipata: viatu vipya, saa ya mkononi, redio kaseti juu ya meza. Picha isiyoonesha viatu waliiita picha iliyokatwa, wakaikataa. Generoza aliwapa walichotaka. Kamera yake ya Zenit ilikuwa na lenzi nzuri kwa kazi hiyo.

Ila alikuwa na lenzi nyingine, ambayo haikuwa ya wateja.

Hiyo aliirithi kwa baba yake mdogo, marehemu Makarius, aliyemfundisha kazi kule Kilosa. Ilikuwa kuukuu kuliko wao wote wawili, ya shaba, kioo chake kimeanza umanjano kama meno ya mvuta tumbaku. Iliachwa na meneja mmoja wa shamba la mkonge alipofungasha kurudi kwao. Kamera iliyokuja nayo ilikwisha kuoza zamani. Fundi Mwinshehe wa karakana ya reli ndiye aliyeichongea pete ya kuifungia kwenye Zenit, akalalamika kuwa kipete kile kimemtoa jasho kuliko behewa zima.

"Ukilibana tundu lake la kupitishia mwanga, inapiga kama lenzi yoyote," Makarius alikuwa akimwambia. "Mtu ataonekana, na mti ulio nyuma utaonekana, na mbuzi aliye chini ya mti. Ukilifungua lote, inachagua. Utakachokilenga kitabaki. Vingine vyote vitayeyuka. Kwa hiyo mtoe mtu wako ukutani, umsogelee, na ulenge jicho. Siyo pua. Ukikosea upana wa kidole, umempoteza."

Na kweli ilikuwa hivyo. Kope za mtu ungezihesabu, huku nyuma yake dunia imekuwa ukungu laini. Mwanga uliopenya kwenye majani uligeuka visahani vya duara, na pembeni mwa picha visahani hivyo vililala kidogo, ungedhani vinamzunguka yule mtu. Wateja walioona picha hizo walisema filamu imeharibika.

Lenku hakusema hivyo. Alikuja kwa ajili ya picha ndogo za leseni ya mnadani, akapigwa, akalipa, akatoka nje kungoja lori. Jua lilikuwa linazama na madereva wameanza kuwasha taa. Generoza alimwona kupitia dirishani, mrefu, shuka begani, shingo imegeukia barabara. Alibadilisha lenzi bila kufikiri.

"Kaka, simama hivyo hivyo. Usinitazame."

Picha iliporudi kutoka Morogoro, Lenku aliishika muda mrefu.

"Malori yako wapi?" aliuliza.

"Yapo. Hivyo visahani vya njano ndiyo taa zake."

"Na barabara?"

"Ipo pia. Nimeilaza kidogo."

Lenku alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mimi popote nilipo nina watu nyuma yangu. Wajomba, wadogo zangu, ng'ombe. Sijawahi kujiona peke yangu hivi."

"Umeipenda?"

"Inanitisha," alisema, akamtazama machoni kwa mara ya kwanza. "Lakini nipige nyingine."

Hivyo ndivyo yalivyoanza. Kila alipoleta ng'ombe kupakia, alipita. Generoza alimpiga picha mnadani katikati ya vumbi, akampiga kwenye reli kule Munisagara, akampiga stesheni ya Kilosa amekaa juu ya gunia. Katika zote Lenku alikuwa wazi kama maji ya kisima, na vilivyobaki vilikuwa rangi tu. Na kila walipofika kwenye neno la ndoa, Lenku alishusha sauti.

"Mama hatakubali, Roza. Wewe ni Mkatoliki wa Vidunda, kwenu ni jembe na mlima. Kwetu mke anaposwa kwa ng'ombe, anakuja na ukoo wake. Nipe muda nimlainishe."

Akampa muda. Mvua zilikuja zikaisha, zikaja tena, naye akaendelea kumpa.

* * *

Jumamosi alivaa gauni lake la Pasaka, la maua ya bluu, akafunga kilemba cheupe. Lenzi ya shaba aliiviringisha kwenye kanga, akaipakata njia nzima ndani ya basi kama mtu aliyebeba mayai.

Mama Lenku alikuwa anamngoja barabarani, pale njia ya kwenda uwandani inapoachana na barabara ya Kimamba. Jina lake Nalangu. Alikuwa mwembamba na mrefu kama mwanawe, shanga zimejaa shingoni, ndoo ya maziwa yaliyokwisha kuuzwa miguuni pake.

Generoza aliinamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Kiganja kikavu kiligusa utosi wake. Kisha Nalangu akasema kwa Kimasai, "Takwenya."

"Iko," Generoza aliitika kabla hajajizuia.

Mama yule alimtazama kwa makini. "Nani kakufundisha kuitika?"

 Nalangu hakusubiri jibu. Alijitwika ndoo akatangulia, naye akamfuata nyuma, viatu vyake vya kisigino vikizama vumbini. Alijaribu kusoma mgongo wa yule mama kama ni mgongo wa kukaribisha au wa kukataa. Ulikuwa mgongo tu.

"Wageni wamekwishafika," Nalangu alisema bila kugeuka.

"Wageni gani, mama?"

"Utawaona."

Bomani palikuwa na moshi wa nyama. Wazee walikaa kwenye vigoda kwenye kivuli cha nyumba, fimbo zimelazwa magotini. Ndama walilia zizini. Wanawake wasiofahamika walikuwa wameketi pamoja, na katikati yao msichana mmoja aliyepambwa shanga mpya mpaka kifuani, macho chini.

Lenku alitoka ndani akiwa anamjibu mtu kwa sauti ya furaha. Alipomwona Generoza, sauti ilikatika. Kwa muda mfupi sana uso wake ulikuwa ule ule wa kule Mikumi, uso ambao Generoza aliujua kuliko wake mwenyewe. Kisha akaufunga.

"Huyu ni mpiga picha," aliwaambia wazee kwa Kiswahili. "Mpiga picha wa Mikumi."

Wazee waliitikia, wakarudi kwenye mazungumzo yao. Generoza alisimama na begi lake begani. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kufukuzwa. Kuitwa mpiga picha hakuwa amejiandaa nako. Jina ni la kazi yake, la haki kabisa, na lilimwingia kama mwiba wa mgunga.

"Karibu," Lenku aliongeza, akitazama begi.

"Asante, kaka," Generoza alijibu.

Nalangu alikuwa amesimama kando, anawatazama wote wawili.

"Yule ni Seleina," alisema, akimwonesha yule msichana kwa kidevu. "Watu wake wametoka Kiteto. Ng'ombe wamekwisha kukubaliwa. Nataka picha, binti yangu. Mwanangu, mimi, wazee, huyu mchumba, na ng'ombe nyuma. Leo nataka tuonekane wote. Asipotee hata mmoja."

* * *

Kuna mambo ambayo mikono huyafanya yenyewe kichwa kikiwa hakipo. Generoza aliwapanga. Wazee aliwakalisha mbele, wanawake akawasimamisha nyuma, Lenku katikati. Akamwomba mtu asogeze ng'ombe karibu na lango. Akawatoa juani, kwa sababu jua la mchana huwachimba watu macho. Aliyasema yote hayo kwa sauti ya kawaida, hata yeye mwenyewe aliisikia akaishangaa.

Alipoinama kwenye kamera, lenzi ya shaba ilikuwa imefunguliwa yote, kama siku zote. Ndani ya kidirisha kidogo cha kamera Lenku alijaa, jicho lake la kushoto likang'aa, na wote waliomzunguka wakayeyuka. Seleina aliyeyuka. Wazee wa Kiteto wakawa madoa mekundu. Yalibaki macho ya Lenku yakimtazama, yakimwomba kitu ambacho hakujua ni nini.

Ilikuwa kazi ya kubonyeza tu. Picha ingerudi hivyo, na nani angejua? Wangesema filamu imeharibika.

Kidole chake kilikaa pale. Upepo ulipita ukainua shuka za wazee.

"Dada," sauti ndogo ilisema. Ilikuwa ya Seleina. "Mimi nitazame wapi? Sijawahi kupigwa."

Generoza aliinua kichwa. Msichana alikuwa ameshika ncha ya shuka yake kwa vidole vyote. Hakuwa na ubaya wowote usoni. Alikuwa anaogopa, katika boma la watu, mbele ya kitu cha chuma.

"Nitazame mimi, mdogo wangu," Generoza alimwambia. "Hapa kwenye kioo. Vuta pumzi. Haiumi."

Akaishika pete ya tundu, akaizungusha kulibana mpaka ikakataa. Kidirisha kiliingia giza, na ndani ya lile giza watu walianza kurudi mmoja mmoja: mikunjo ya wazee, shanga za Nalangu, mikono ya Seleina, pembe za ng'ombe langoni, mpaka vilima vya mbali. Na Lenku miongoni mwao, mwenye ukubwa sawa na wenzake.

Akapiga. Akavuta filamu, akapiga tena, kwa usalama.

"Tayari," alisema. "Mmeonekana wote."

* * *

Nalangu alimwita ndani kunywa chai. Nyumba ilikuwa na giza la baridi na harufu ya maziwa. Generoza aliketi kwenye ngozi, kikombe cha bati kikimuunguza viganja, naye hakukiachia. Yule mama alitoa kitambaa kilichokunjwa, akakifungua mapajani. Zilikuwa picha. Lenku kwenye taa za malori. Lenku kwenye reli. Lenku mnadani.

"Alizificha kwenye sanduku lake," alisema. "Mimi ndiye ninayefagia nyumba." Alichagua moja, ile ya stesheni, akaweka ukucha kwenye doa jekundu nyuma ya bega la Lenku. "Unajua hiki ni nini?"

Generoza alitazama. "Sijui, mama. Labda nguo."

"Ni mimi. Siku ile nilikuwa pale nauza maziwa. Nilikuona ukihangaika na kamera, nikadhani unapiga treni."

Generoza aliona aibu imempanda mpaka masikioni. "Nisamehe, mama. Sikukuona."

"Ndiyo. Hukuniona." Hakuonekana kukasirika. "Nilizipanga zote hapa, nikazitazama. Mtu anayefanya kazi ya kuuza, anapiga mpaka viatu. Nikajua huyu aliyepiga haoni kitu kingine. Anamwona mwanangu tu. Hakuna aliyeniambia. Nilijua kwa picha; mhuri wa studio nyuma yake nilisomewa na dereva."

Nje wazee walicheka kwa pamoja. Generoza alimeza chai iliyomchoma koo.

"Mama, najua hunitaki," alisema polepole. "Lenku alinieleza. Kabila langu, dini yangu. Nilimwambia nitangoja mpaka moyo wako ulainike. Kwa hiyo kama umeniita nije nione, nimeona. Sina ugomvi na wewe."

Nalangu aliacha kukunja kitambaa.

"Alikueleza kwamba mimi nimekataa?"

"Ndiyo, mama. Mara nyingi."

Mama yule alikinyoosha kitambaa mapajani polepole, na Generoza alianza kuogopa, kama mtu anayesikia mlio ndani ya nyumba aliyodhani ni tupu.

"Nisikudanganye," Nalangu alisema mwishowe. "Ningekataa. Ningepiga kelele, ningelala bila kula, ningewaita wajomba zake. Kisha ningechoka. Mama huchoka, binti yangu. Baba yao alikufa, mkubwa wangu ndiye huyu, ningemkatalia mpaka lini? Nilipoziona picha hizi nilijiandaa kugombana naye. Kila alipoingia hapa jioni nilisema, leo atasema. Nilikuwa na maneno yangu tayari." Alitikisa kichwa. "Hakusema. Hata siku moja jina lako halijatajwa ndani ya nyumba hii."

"Mama…"

"Walipokuja hawa wa Kiteto mara ya kwanza, wazee walimuuliza. Ndiyo desturi. Kuna binti mwingine moyoni mwako? Sema sasa, tusije tukatia aibu ukoo wa watu. Nilikuwa nimekaa pale mlangoni. Nilimtazama usoni. Akasema hakuna."

Kikombe kilikuwa kimepoa. Generoza alikiweka chini kwa uangalifu mkubwa.

"Nimekuita kwa sababu nilisema si vizuri usikie barabarani, kwa madereva," Nalangu aliendelea, sauti imeshuka. "Uone mwenyewe. Na mimi nikuone. Nilitaka kujua ni nani aliyempenda mwanangu hivi." Alimtazama tangu kilemba mpaka viatu vyenye vumbi. "Sasa nimekujua. Inaniuma. Ningependa tungegombana."

Generoza aliinama apewe baraka ya kuaga, kwa sababu hakujua lingine la kufanya, na kiganja kile kikavu kilikaa juu ya kichwa chake kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza.

* * *

Alikuwa amekaribia barabara Lenku alipomfikia, anahema. Alichukua begi kutoka begani mwake kama alivyozoea, naye Generoza, kwa mazoea hayo hayo, akamwachia.

"Roza, sikujua angekuita. Wallahi sikujua."

"Najua. Nilikuona usoni."

"Nilitaka kuja mwenyewe nikueleze. Nilikuwa natafuta namna." Alitembea pembeni yake. "Mambo yalikwenda haraka. Wazee walikwishapanga. Mimi ndiye mkubwa, kila mtu ananitazama mimi. Lakini hili halibadilishi kitu. Sikiliza. Kwetu mwanaume anaoa wa pili. Huyu nimepewa. Wewe nitakuchagua mwenyewe. Nipe muda kidogo tu, nimlainishe mama."

Walikuwa wamefika barabarani. Hapakuwa na gari. Mbali upande wa Kimamba, vumbi lilikuwa linaanza kuinuka.

"Mama ana ugumu gani, Lenku?"

"Unamjua mama. Nimekwambia."

"Alinipa chai."

Lenku alihamishia begi mkono mwingine.

"Nikuulize jambo moja," Generoza alisema. Hakupandisha sauti. "Wazee walipokuuliza kama kuna binti mwingine, ulisema nini?"

Alimwona akitafuta maneno, akiyaokota na kuyatupa. Alikuwa mzuri hata hapo, jasho likimtiririka shavuni, na Generoza alichukia kwamba bado anaona hivyo.

"Ningesema nini, Roza? Mbele ya watu wote wale?"

"Ungesema jina langu."

"Wangeniuliza ni nani, wa wapi, baba yake ana nini…"

"Ungewajibu. Ni wa Vidunda. Anapiga picha Mikumi. Baba yake ana shamba la maharage na magoti yanamsumbua. Kuna aibu gani hapo?"

"Siyo aibu!"

"Basi ni nini?"

"Niliogopa," Lenku alisema, na sauti yake ikapasuka. "Unataka nikiri? Niliogopa. Kule kwako nilikuwa mtu mwingine. Hapa siwezi kuwa yule. Sijui jinsi ya kuwa yule nikiwa na hawa nyuma yangu."

Generoza alimtazama. Sasa kila alichokuwa akisema kilikuwa kweli, na hilo ndilo lililommaliza nguvu. Angekuwa bado anadanganya, Generoza angemtukana, akaondoka na hasira zikamtosha njiani. Huyu alikuwa amesimama mbele yake bila kitu cha kujifichia, na bado hakuwa wake.

"Nilikungoja kwa sababu nilidhani tunamngoja mama yako," alisema. "Ningejua kwamba ninakungoja wewe, labda ningengoja pia. Lakini ungeniambia."

"Niambie sasa nifanye nini. Nitafanya."

"Rudi pale. Wazee bado wamekaa. Seleina bado hajalala kwako. Ingia mbele yao, useme. Nitakaa hapa hapa barabarani."

Lenku aligeuka akatazama boma. Moshi ulikuwa unapanda taratibu. Mtu alikuwa anamwita kwa mbali, sauti ya kiume, yenye haki ya kuita. Mguu wake ulisogea. Ulisogea upande wa kule, Generoza aliuona, na kwa muda wa pumzi moja matumaini yote yalimrudia, ya kijinga, ya moto. Kisha mguu ule ukasimama. Lenku alibaki anatazama boma, begi la kamera mkononi, wala hakwenda wala hakurudi.

Gari lilifika likiburuta vumbi, pick-up ya abiria iliyopakia magunia ya mkaa. Utingo aliruka chini kabla halijasimama vizuri.

"Mikumi! Mikumi hiyo! Wawili?"

Generoza alimtazama Lenku. Lenku alifungua mdomo.

Alimpa nafasi ya kutosha, mpaka dereva akapiga honi. Kisha akanyoosha mkono, akachukua begi lake kutoka mkononi mwa Lenku, kidole kwa kidole, maana alikuwa amelishika kwa nguvu bila kujua.

"Mmoja," alisema.

Dereva alimsogezea nafasi mbele. Alikaa, akapakata lenzi ndani ya kanga yake, akafunga mlango uliohitaji kuvutwa kwa nguvu. Gari lilipoondoka alisikia jina lake likiitwa, Roza, Roza, kwa sauti kubwa ambayo ingefika mpaka bomani kwa wazee. Ilikuwa sauti ile ile aliyoitamani. Ilichelewa kwa umbali mdogo sana. Dereva alipunguza mwendo, akamtazama.

"Unaitwa, dada. Nisimame?"

Machozi yalikuwa yamemfika, akayaacha yashuke, hakuyafuta.

"Twende tu," alisema.

Walipita Kilosa mjini bila kusimama. Jua liliingia upande wake wa kioo, na dereva, ambaye alikuwa mtu mzima mwenye adabu, alitazama barabara tu mpaka walipoanza kuiona milima.

"Mikumi unashukia wapi, binti? Kuna mtu anakupokea?"

"Hakuna," Generoza alisema. "Nishushe popote, nitatembea."